Aliyeichakaza Ndege

Somanda, Bariadi
22 Septemba 2024

Kwa Kaka Bryson,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti limekubali kupanda kilima cha kanisani bila kukusumbua. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, kazini naenda. Ila moyo hautulii, na leo Jumapili nimekosa hata ibada ili niimalize barua hii, maana nimeianza na kuichana tangu Jumatano.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Kaka, nimekupigia mara tatu wiki hii, na mara zote tatu umeanza wewe kuisifu ile ndege, nami nikaishia kusema asante, tutaongea. Kwenye karatasi hutanikatiza. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujashika simu yako.

Nianze na la nyumbani. Felisita hayupo. Hii ni wiki ya tano yuko kwao Nkoma na mama yake. Hatujaachana, usimtie shemeji hofu, lakini hajarudi, na amesema hatarudi mpaka mama yake akubali kuingia tena nyumbani kwangu. Na mama inabidi arudi, kwa sababu jicho lake la pili limepangiwa upasuaji hapa Bariadi tarehe kumi Oktoba. Madaktari hao wa macho wanatoka mbali, wanakaa siku nne na kuondoka, na ukiwakosa unasubiri mpaka mwakani. Jicho la kwanza walilitoa mtoto wa jicho mwezi wa saba na sasa linaona vizuri kabisa. La pili linaona kivuli tu. Mama amesema ni heri abaki na jicho moja kuliko kulala tena chini ya bati langu. Chanzo cha yote haya ni hiyo ndege ndogo ya kivita, F-7, iliyo sebuleni kwako ndani ya kabati la kioo.

Wewe umezihudumia ndege za kweli miaka thelathini jeshini, lakini adha ya kutengeneza ndege ya plastiki hapa kwetu huijui, na naona lazima uijue kidogo ili uelewe nilikuwa na hali gani. Ile seti ilichukua miezi miwili kunifikia, na ilipofika kioo cha rubani kilikuwa na ufa. Nikaandika, nikasubiri kingine. Nikaanza kuunganisha, joto la hapa likawa linakausha gundi kabla sijakutanisha vipande. Rangi ndiyo usiseme. Ukipuliza saa sita mchana inakauka hewani na kutua kwenye bawa kama mchanga. Ukipuliza asubuhi kumetulia, umeme unakatika kompresa ikiwa katikati ya kazi, nusu ya ndege ya kijani na nusu ya kijivu. Halafu msimu wa pamba ukaingia, malori yakawa yanapita hapa nje kutwa nzima, na kila nilipopaka vanishi nyuzi za pamba zikaja kujilaza juu yake. Nimezitoa kwa kibano, moja moja, kwa saa nzima, na nilipomaliza likapita lori jingine. Ofisini Lagangabilili nao hawakunionea huruma. Damas, tunayekaa naye meza moja ya upimaji, aliniuliza mbele ya watu kama nikimaliza ndege nitahamia kwenye midoli, ili anitafutie vitambaa vya kuishonea nguo.

Yote hayo niliyavumilia kwa sababu wewe ndiye uliyeniomba. Tena uliniambia wazi usiletewe ndege ya gwaride, uletewe ndege ya kazini, kama mlivyokuwa mkiiacha jioni baada ya kuruka mara tatu. Na hapo ndipo nilipokwama. Kuiunganisha nilikuwa nimeweza, rangi nilikuwa nimeweza baada ya taabu zote hizo. Kuichakaza ndiko kulikonishinda. Watu wanadhani kuchakaza ni kupaka uchafu tu, kumbe uchafu lazima uwe na sababu: mafuta yavuje kutoka panapovuja, vumbi likae panapokaa, rangi ichubuke panapoguswa. Nimepima viwanja miaka kumi na tisa, mkono wangu unajua mstari ulionyooka, na uchafu haunyooki. Unakumbuka majibu yako. Picha ya kwanza uliniambia imemwagiwa chai. Ya pili ukasema imeungua. Ya tatu ukanyamaza siku nzima, kisha ukaandika kwamba ndege hii haijawahi kuruka, imeviringishwa tu chini. Kila mara niliifuta kwa tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, na kuanza upya. Sikukuambia wakati ule, lakini ile ya tatu ilinikata maini. Nilikaa na kopo la rangi mkononi nikitamani kulitupa barabarani.

Katikati ya hasira hizo ndipo mama mkwe akaja kwa ajili ya jicho. Wewe ulimwona mara moja tu, siku ya ndoa yetu, yule mama mwembamba aliyekaa pembeni hataki kupigwa picha. Anaitwa Kabula. Sasa kaka, kwetu Upare mama mkwe unakaa naye mnapiga soga, mnakula. Kwa Wasukuma wa Nkoma sivyo. Mkwe wa kiume hampi mama mkwe mkono, hali naye meza moja, hakai naye chumba kimoja kama wako peke yao, na zaidi ya yote hapazi sauti mahali ambapo yeye anaweza kumsikia. Akiwa na neno kwako hulileta kwa kupitia mtu. Nilikuwa nayajua haya, ila kwa miaka yote mama alikuwa Nkoma na mimi Bariadi, heshima ilikuwa rahisi kwa sababu ya umbali. Safari hii tukawa nyumba moja, wiki sita.

Meza yangu ya kazi ilikuwa baraza ya nyuma, ndiko kwenye mwanga. Mama naye baada ya upasuaji alikatazwa jua kali na moshi wa jikoni, kwa hiyo baraza ya nyuma ikawa yake, na mimi nikahamishiwa stoo pamoja na magunia ya mpunga na dirisha dogo kama kitabu. Nilinuna. Na kama hiyo haitoshi, yakaanza maswali. Felisita alikuwa akija mlangoni kuniambia mama anauliza kwa nini nachafua kitu kipya. Nikaeleza. Anarudi, mama anauliza ndege hii inalala ndani au nje. Nikajibu. Anarudi tena, mama anauliza upepo wa huko unatoka wapi, na watu wakitaka kupanda wanakanyaga wapi. Siku hiyo nilikuwa napigana na stika ya nambari iliyojikunja, jasho linanidondokea, nikajibu kwamba wanakanyaga kushoto, hapo bawa linapoungana na mwili, na sasa naomba niachwe nifanye kazi. Felisita akaenda kumpelekea jibu hilo.

Mwezi wa nane nilipelekwa Nyashimo kupima viwanja, siku kumi. Niliiacha ndege mezani stoo, safi, imefutwa kwa mara ya tatu, tayari kwa jaribio la nne. Niliporudi mchana mmoja, nimechoka, nimejaa vumbi la barabarani hadi masikioni, nikafungua stoo hata kabla ya kunawa. Kaka, ndege ilikuwa imechafuliwa. Niliona masizi ya sufuria yameburuzwa tumboni. Niliona vumbi jeusi la mbuga mgongoni. Bawa la kushoto rangi ilikuwa imesuguliwa mpaka plastiki ikatokeza, rangi ile ile niliyoipigania na malori ya pamba.

Naona aibu kuandika nilichofanya, lakini lazima. Nilisimama uani na nikafoka. Nilisema nyumba hii ina watu wasiojua tofauti ya kitu cha thamani na ungo wa kupepetea. Nilisema kama kuna mtu amezoea kupaka mavi ya ng'ombe ukutani, akapake kwao. Mama alikuwa pale barazani, hatua sita kutoka niliposimama, kitambaa cha kanga begani, anasikia kila neno. Nilijidanganya kwamba Kiswahili hakimfikii vizuri. Kinamfikia. Madaktari waliongea naye Kiswahili siku zote nne. Majirani pande zote mbili walisikia, hata mashine ya kusaga ya jirani ilizimwa. Nikafunga stoo kwa kufuli, nikaondoka na ufunguo.

Asubuhi yake mama alikuwa amefunga mzigo. Felisita ndiye aliyesema, na alisema maneno machache: kwamba amenivumilia mengi, lakini mama yake kutukanwa hadharani na mkwe, kwao hilo halina jina. Wakapanda gari la Nkoma. Na mimi, kaka, sikutoka hata kwenda stendi. Nilikaa ndani nikijiambia kwamba mimi ndiye niliyekosewa, kwamba kazi ya miezi mitano imeharibiwa na bado nanuniwa mimi. Hasira ni kitu cha ajabu, inakupa haki hata mahali ambapo huna.

Sasa nifike penyewe. Wewe unadhani baada ya hapo niliifuta ndege na kuichakaza mwenyewe, kwa sababu ndivyo nilivyokuacha udhani. Nilianza kuifuta, hilo ni kweli. Nilichukua tina na pamba nikaanza na bawa la kulia, nikalisafisha lote. Nilipogeuza kwenda la kushoto, tina ikawa imeisha kwenye kopo, nikaibeba ndege nikatoka nayo barazani kutafuta kopo jingine. Nje, kwenye mwanga, ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza. Niliiweka mezani, nikaleta simu, nikafungua ile picha yako ya zamani mliyopiga mkiwa mmeegemea ndege. Nikaangalia picha, nikaangalia ndege, nikaangalia tena picha. Kaka, nilikaa chini.

Ile michirizi ya mafuta tumboni, uliyoniambia inang'aa kana kwamba imevuja asubuhi ya leo, siyo yangu. Vumbi lililojikusanya nyuma ya kila mshono na kuacha upande wa upepo ukiwa msafi, siyo langu. Na pale bawani kushoto, palipochubuka kidogo kidogo kutoka kijani hadi weupe, mahali ulipoweka kidole chako ukashindwa kuongea mbele ya wenzako, pale nisingepafikiria hata ningekaa stoo miaka kumi. Aliyeichakaza ndege yako ni mama mkwe wangu. Mimi nililirudishia uchafu bawa la kulia tu, kwa kuigiza lile la kushoto, kisha nikakutumia, na wewe mwenyewe uliliona. Uliniuliza kwenye simu kama nilipofika upande wa kulia nilikuwa nimechoka. Nikacheka, nikasema ndiyo, nilikuwa nimechoka.

Na uliponiuliza nilijuaje kwamba mafundi mlikuwa mnakanyaga pale pale, kushoto, mguu baada ya mguu, miaka yote ile, nilikujibu nini? Nilisema ni uzoefu. Nilisema nimesoma. Nilikusikia unalia, kaka yangu ambaye sijawahi kumsikia analia hata tulipomzika baba, na bado nikasema uongo ule. Ukaniambia umewaambia wenzako wote kwamba mdogo wako ana mkono wa pekee, nami nikauchuna. Ukweli ni kwamba hata hilo la kushoto sikulijua. Nilimjibu mama ovyo, ili aniache. Yeye alilipokea jibu langu kama neno la mtu anayejua, akalifanyia kazi siku nne.

Namna alivyofanya nimeijua baadaye. Wiki mbili zilizopita nilijikaza nikaenda Nkoma. Sikuruhusiwa kumfikia. Nilipewa kiti nje, nikakaa na Sylvester, kaka yake Felisita, na Felisita akasimama pembeni akanieleza bila kuniangalia. Kumbe mama ni fundi wa kusiriba nyumba, anayeitwa vijiji vya jirani mtu akimaliza kujenga, na anajua ukuta unavyoliwa na mvua, na kizingiti kinavyoliwa na miguu. Masizi aliyachanganya na mafuta ya pamba. Vumbi la mbuga alilichekecha kwenye kanga kisha akaligusisha na kipande cha pamba, kidogo kidogo. Bawa alilisugua kwa dole gumba, siku nne, kila siku kidogo, kwa sababu alisema mahali pa kukanyagwa hapaliki kwa siku moja. Na kwa nini alifanya? Felisita alisema jicho lilipofunguliwa, kimojawapo cha vitu vya kwanza mama alivyoona sawasawa ni mimi nikihangaika na ile ndege, nikifuta na kulaani. Alitaka kunishukuru kwa kumweka nyumbani wakati wa matibabu. Mama mkwe haji kukushika mkono akasema asante. Akaona anisaidie kilichonishinda.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwambia Sylvester nipo tayari kwa chochote, mbuzi, ng'ombe, waseme. Sylvester, ambaye ni mtu mpole, akanijibu kwamba siwezi kuomba radhi kwa mdomo wangu mwenyewe. Mdomo huo ndio uliotukana. Lazima aje mkubwa wangu kutoka kwetu, akae na wazee wa pale, aseme kwa niaba yangu. Baba hayupo. Mkubwa wangu ni wewe.

Kisha wakaingia ndani kumuuliza mama anataka nini. Nilisubiri pale kwenye kiti kwa muda mrefu, nikitazama marobota ya pamba yaliyokuwa yakisubiri gari. Felisita alipotoka aliniambia mama hataki mbuzi wala ng'ombe. Amesema mwenye ndege aambiwe ni nani aliyeichafua. Basi.

Hiyo ndiyo sababu ya barua hii, na hiyo ndiyo sababu nimeiandika kwa mkono na nimeweka jina langu chini. Najua ninachokuomba si kidogo. Nakuomba urudi kwa wale wenzako uliowaonyesha ndege, uwaambie uliyewasifia siye. Watakucheka, na watanicheka mimi zaidi, na wana haki. Ukiona vigumu kusema, wasomee barua hii. Halafu nakuomba upande basi uje kabla ya tarehe kumi. Najua goti, najua umbali, najua pia una haki ya kukasirika na kusema nijitafutie mkubwa mwingine. Kasirika, kaka, lakini njoo. Jicho la mama halina kosa katika uongo wangu.

Njoo na ndege. Tutakwenda wote mpaka Nkoma, mimi nitabaki kwenye kiti cha nje, wewe utaingia. Usianze kwa kunitetea wala usiwaambie nilikuwa nimechoka na safari. Waonyeshe lile bawa la kushoto, uwaambie kwamba hapo ndipo mlipokuwa mnakanyaga, na kwamba aliyepajua ni Kabula Maganga. Liseme jina lake kwa sauti kubwa, mpaka watu wa nyumba za jirani walisikie, kwa sababu mimi nilipomtukana sikumtukana kwa kunong'ona.

Msalimie sana shemeji na umwombe radhi kwa kukuondoa nyumbani. Wenzako wa kikosi nao wape salamu zangu, ila ziwafikie baada ya kuujua ukweli. Nakutakia safari njema, na nitakuwa stendi ya Bariadi nikikusubiri siku yoyote utakayoitaja.

Ni mimi mdogo wako niliyekudanganya,
Elineema